Nyumba Huuzwa, Haigawiwi
Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zisemazo Kiswahili zilizohamia Marekani



Tume ya Haki na Amani imetuomba tuseme nanyi juu ya nyumba, nasi tumekubali kwa moyo, maana hakuna jambo tunaloulizwa mara nyingi zaidi mlangoni mwa kanisa. Wengi wenu mlitoka Kivu na Burundi, mkakaa miaka mingi Nyarugusu, na sasa mko hapa Marekani mkilipa kodi ya pango isiyoacha kupanda. Mnatuuliza: “Padre, zile nyumba za Habitat hupewa akina nani?” Jibu letu la kwanza ni kwamba hakuna anayepewa. Nyumba hizo huuzwa. Asiyelielewa neno hilo ataingia ofisini akiwa na mikono ya mwomba sadaka, na atatoka akidhani amenyimwa huruma, kumbe hakuleta karatasi.

Chanzo cha kazi hii kinawahusu kuliko mnavyodhani. Mwaka 1942, karibu na mji wa Americus katika jimbo la Georgia, Clarence Jordan na wenzake walianzisha shamba la Koinonia, ambamo weusi na weupe walifanya kazi na kula pamoja, jambo lililowaletea chuki nyingi. Huko mwanasheria mmoja tajiri, Millard Fuller, aliyekwisha kugawa mali yake pamoja na mkewe Linda, alikata shauri na Jordan mwaka 1968 kujenga nyumba za kuwauzia maskini pasipo faida wala riba. Mwaka 1973 Fuller na mkewe walikwenda Mbandaka, kando ya mto Kongo, nchi hiyo ikiitwa Zaire, wakaijaribu njia hiyo huko kwa miaka mitatu. Waliporudi, mwaka 1976, wakaanzisha Habitat for Humanity. Basi ninyi wana wa Kongo msiingie humo kama wageni: sehemu ya msingi wake iliwekwa kwenu. Waanzilishi walikuwa Waprotestanti, lakini shirika halimchagui mwombaji kwa dini yake.

Masharti makubwa ni matatu: kuwa na shida ya kweli ya makao, kuwa na uwezo wa kulipa, na kuwa tayari kushiriki kazi. Kila tawi hujiendesha lenyewe na huweka vipimo vyake, hivyo msichukue habari za binamu aliye Texas mkazifanya sheria ya hapa. Matawi mengi hudai pia mwombaji awe raia au mwenye kadi ya ukazi wa kudumu.

Tuanze na shida. Shida hupimwa kwa hali ya nyumba mnayokaa, wingi wenu ndani yake, na sehemu ya mshahara inayomezwa na pango. Tulimjua baba mmoja ambaye, siku wajumbe wa kamati ya uteuzi walipokuja kumtembelea, aliwapeleka watoto wake wanne kwa jirani, akafunika kwa pazia ukuta uliooza kwa unyevu, akawakaribisha wageni kwa soda. Wajumbe waliona familia ndogo katika nyumba nadhifu, wakaandika hivyo. Hatumcheki. Kwetu mgeni haonyeshwi aibu ya nyumba. Lakini kusema kweli juu ya umaskini wako mbele ya anayeuliza kwa haki si kujidhalilisha, na kuuficha huko kulimgharimu miaka miwili.

Sharti la uwezo ndilo linalowaangusha wengi wetu. Chukueni familia zote za eneo hili, mzipange mstari kutoka maskini hata tajiri: kipato cha ile iliyosimama katikati ndicho kipimo. Kwa kawaida matawi hutafuta familia zenye kati ya asilimia 30 na 80 ya kipato hicho, kwa kutazama idadi ya watu nyumbani. Mwenye kuzidi aende benki. Aliye chini mno, tutamrudia. Tena kipato chenyewe lazima kionekane. Mama asukaye nywele sebuleni na kulipwa fedha mkononi, asipozitangaza katika hati za kodi ya mapato, fedha hizo machoni pa kamati hazipo.

Kisha yaja madeni. Katika nchi hii kuna kumbukumbu ya kila deni lako, nayo huwekwa na makampuni matatu, Equifax, Experian na TransUnion. Sheria inakupa haki ya kupata nakala bila malipo. Ombeni nakala hizo kabla ya kuomba nyumba, maana mara nyingine mna makosa, hasa pale jina la ukoo na jina la ubatizo yalipobadilishana nafasi katika karatasi za ukimbizi. Na hapa tuseme neno gumu. Umetia saini kumdhamini shemeji anunue gari. Ukadhani umemfanyia wema wa kindugu tu. Mbele ya kamati deni hilo ni lako, na asipolipa yeye, umechelewa wewe. Fedha mnazotuma Goma au Bujumbura kila mwezi hazimo katika kumbukumbu hizo, lakini zimo katika mfuko wenu. Hatuwaambii msitume, nasi wenyewe tunatuma. Twasema mume na mke wakae, waziandike, wajue kinachobaki.

Juu ya sharti la tatu, Waamerika huliita jasho. Familia huchangia saa za kazi, mara nyingi kati ya 200 na 500, katika nyumba yake na za wenzake, na kuhudhuria mafunzo ya kutunza fedha na nyumba. Asiyeweza kubeba mbao hupangiwa kazi ya ofisi au ya jikoni. Wazee wenu wanaokumbuka salongo ya enzi za Mobutu wasikunje uso: pale mtu alifagia barabara kwa amri na kurudi mikono mitupu. Huu wafanana zaidi na msaragambo, ambapo unayemsaidia kuezeka leo atasimama juu ya paa lako kesho.

Mkishachaguliwa, someni mnachotia saini. Kwa miaka mingi mkopo wa Habitat haukuwa na riba kabisa. Siku hizi matawi mengine hutoza riba ndogo, wakipima malipo ya mwezi yasizidi kiasi cha asilimia 30 ya kipato, pamoja na kodi ya nyumba na bima. Kodi hiyo na bima hupanda, kwa hiyo malipo nayo yaweza kupanda. Mara nyingi kuna pia rehani ya pili, isiyolipwa kila mwezi, inayofunika tofauti kati ya deni lenu na thamani ya nyumba sokoni. Husamehewa kidogo kidogo kadiri mnavyokaa. Mkiuza mapema, shirika hudai sehemu yake, na pengine lina haki ya kuinunua kwanza. Wako wanaolalamika kwamba hiyo si nyumba ya mtu. Sisi twaona ni haki: nyumba iliyojengwa kwa mikono ya watu waliojitolea isigeuzwe biashara ya mwaka mmoja.

Msimlipe mtu anayedai kuwapitisha mbele ya foleni. Ada ya maombi, ikiwapo, ni ndogo na hulipwa ofisini kwa stakabadhi. Na mjue haki zenu: sheria ya makazi ya mwaka 1968, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1988, inakataza kumnyima mtu nyumba kwa rangi, dini, asili ya taifa, au kwa sababu ana watoto. Watoto saba si kosa.

Sasa tumrudie yule aliye chini mno. Mjane anayesafisha hoteli siku tatu kwa juma ana shida kuliko sisi sote, na kwa sababu hiyo hiyo hastahili. Hatuwezi kuliita hilo kosa la shirika. Mkopo usiolipwa humwangamiza aliyeuchukua. Lakini Hati ya Haki za Familia, iliyotolewa na Makao Makuu ya Kanisa mwaka 1983, inataja makao yafaayo kuwa haki ya familia, wala haisemi ya familia yenye stakabadhi za mshahara. Kwa mjane huyo mlango ni msaada wa serikali wa kulipia pango, na foleni yake ni ya miaka. Tume yetu imeamua kufuatilia foleni hiyo, jina kwa jina, na kuhudhuria vikao vya halmashauri ya mji vinavyogawa fedha za makazi. Twahitaji watu sita wanaosema Kiingereza na wasioogopa kusimama.

Kuanzia Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, wanatume wawili wataketi ukumbini. Leteni hati za kodi za miaka miwili, stakabadhi za mshahara, kadi za ukazi, na orodha ya madeni yote, hata lile la shemeji. Mume aje na mkewe. Asiye na karatasi hata moja aje vilevile. Tutaanza kwa kuandika barua ya kuziomba.