Tuijue Sukari, Tuipime, Tuifuatilie
(Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)



Kikundi hoyee!

Habari za hisa, mikopo na faida mtazisikia kwa Mweka Hazina, anazo kwenye makaratasi. Sisi tumeomba dakika chache tuseme juu ya kitu kinachokula fedha zetu bila kubisha hodi. Nacho ni ugonjwa wa kisukari.

Mtu atauliza, mbona mnaleta habari za ugonjwa kwenye sherehe? Tunazileta kwa sababu mfuko wetu wa jamii unaujua ugonjwa huu. Tulichanga kwa mwenzetu aliyekatwa mguu, kwa kidonda kilichoanza na msuguano wa kandambili tu. Tulichanga kwa mwingine ambaye mtoto wake alitibiwa malaria siku tatu, kumbe ni sukari. Tunamshukuru Mungu aliwahi hospitali, leo yuko shuleni. Na linalotuuma zaidi, wapo wanachama wanaoficha ugonjwa huu, wanaogopa wakijulikana watanyimwa mkopo. Hilo tutalimalizia mwishoni.

Kwanza tuujue. Ugali, wali, muhogo, ndizi, vyote tukivila vinageuka sukari kwenye damu, na sukari hiyo ndiyo nguvu ya mwili. Lakini ili iingie mwilini ifanye kazi inataka insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Insulini ni kama ufunguo wa mlango. Ufunguo ukikosekana au kitasa kikigoma, sukari inabaki kwenye damu, inazidi, na mwili unashinda njaa.

Aina kubwa ni tatu.

Aina ya kwanza, kongosho halitoi insulini, au linatoa kidogo mno. Huanza zaidi kwa watoto na vijana, ingawa hata mtu mzima anaweza kuipata. Huyu lazima achome insulini kila siku, maisha yake yote. Siyo kurogwa, na wala siyo mama kumpa mtoto pipi nyingi. Zamani mtoto wa namna hii alikuwa hana siku nyingi. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 ikachomwa mara ya kwanza kwa kijana wa miaka 14. Tangu hapo watoto hawa wanakua, wanaoa na kuolewa. Kwa hiyo mtu akikwambia umwachishe mtoto sindano umpe mizizi, mkimbie.

Aina ya pili ndiyo yenye watu wengi kuliko zote. Insulini ipo, lakini mwili hauitikii vizuri, na baadaye inapungua. Inawapata zaidi watu wazima, wenye uzito mkubwa, wasiotembea sana, na ambao kwenye ukoo wao ipo. Hata mwembamba anaweza kuipata. Hii inakwenda kwa chakula, mazoezi na vidonge, na wengine baadaye huhitaji insulini.

Aina ya tatu ni kisukari cha mimba. Kwa kawaida hupimwa mimba ikiwa na wiki 24 hadi 28. Mara nyingi huisha baada ya kujifungua, lakini mama huyo yuko kwenye hatari ya kupata aina ya pili miaka ya mbele. Asiseme yamekwisha, aendelee kupima.

Dalili zake ni kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda huku unakula, uchovu, macho kuona ukungu, kuwashwa sehemu za siri, na vidonda visivyopona. Mtoto anayekunywa maji sana na kukojoa sana, kisha akaanza kutapika na kuhema kwa nguvu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na mama aseme: "Mpimeni na sukari." Ila aina ya pili inaweza kukaa miaka bila dalili yoyote. Ndiyo maana kupima ni lazima.

Namba zenyewe ni hizi, ziandikeni. Ukipima asubuhi hujala kitu kwa saa 8 au zaidi, 7.0 kwenda juu ni kisukari. Ukipima saa yoyote ukakuta 11.1 kwenda juu, na dalili unazo, ni kisukari. Mashine nyingine zinasoma namba kubwa: 7.0 ni sawa na 126, na 11.1 ni sawa na 200. Kama huna dalili, kipimo kirudiwe siku nyingine. Mashine ya kidole inatutahadharisha tu, anayethibitisha ni daktari kwa kipimo cha maabara.

Ukishajulikana, kazi ni kufuatilia. Hapa tutumie hesabu za kikundi. Kipimo cha kidole ni kama fedha iliyo mezani leo. Kuna kipimo kingine cha damu kinaitwa HbA1c, hicho ni kama daftari la miezi miwili, mitatu iliyopita. Mtu anaweza kujinyima siku mbili kabla ya kliniki, kidole kikamsifu, lakini daftari litasema kweli. Hapo 6.5 kwa mia kwenda juu ni kisukari. Mwenye selimundu au upungufu wa damu amwambie daktari, maana kipimo hicho kinaweza kumdanganya.

Sukari ikishuka chini ya 4 nayo ni hatari: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Kama anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Miguu ikaguliwe kila siku. Macho na figo zipimwe kila mwaka. Asiye na friji anaweza kutunza insulini kwenye chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga wenye maji, kivulini.

Sasa, wenzetu, tunaleta maombi mawili yapigiwe kura mkutano ujao. La kwanza, mfuko wa jamii ununue mashine ya kupimia pamoja na stripu zake, tupime siku ya hisa kwa msaada wa muuguzi. Kila mtu na sindano yake, hakuna kuazimana, maana kuna homa ya ini na UKIMWI. La pili, katiba yetu iandikwe wazi kwamba hakuna mwanachama atakayenyimwa mkopo kwa sababu ya kisukari. Anayejipima na kutumia dawa anafanya kazi na analipa. Tunayempoteza ni yule anayejificha.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Miaka 10 tumehesabu fedha mbele ya wote bila kuoneana haya. Na sukari tuihesabu hivyo hivyo.

Kisukari zii! Kikundi hoyee!