Vijana Wetu Mbele ya Mwajiri



Barua tunazowapa vijana waendao kuomba kazi, tukitaja baba zao na ukoo wao, twaona zawadhuru. Kijana wetu mmoja alitanguliza salamu za mjomba wake. Akaulizwa yeye mwenyewe ajua nini, akanyamaza. Kumbe miaka miwili alishika vitabu vya ghala! Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza kubagua waombaji kwa kabila. Basi tuwafundishe kueleza kazi walizozifanya, na wasilolijua wakiri. Tena, tangu marekebisho ya mwaka 2022, mwajiri hana ruhusa kudai vyeti vya polisi na vya kodi kabla hajaazimia kumwandika mtu. Fedha tulizokuwa tukiwakopesha kwa vyeti hivyo na ziwe nauli, wafike mapema.