Pima Kwanza, Ndipo Uhukumu: Maneno ya Katibu Juu ya Betri za Magari ya Chama



Katika sikukuu hii ya kutimiza miaka kumi, wenzetu wamekwisha kusema habari za mavuno, bei na hisa. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa dakika chache, nasi tumeona heri tuseme juu ya jambo dogo lililokula fedha za Chama na, lililo baya zaidi, lililotutia katika dhuluma. Jambo hilo ni betri za magari yetu.

Wengi wenu mwalikumbuka gari letu dogo la kukusanya kahawa. Msimu mmoja lilikataa kuwaka asubuhi baada ya asubuhi. Magunia yakalala katika maghala ya vyama vya msingi, na vijana wakawa hawana kazi ila kulisukuma. Tulinunua betri mpya. Haukupita muda ikafa. Tukanunua ya pili, nayo ikafa. Hapo Halmashauri ilikata shauri kwamba dereva huacha taa zikiwaka usiku, na sisi, kwa kalamu yetu wenyewe, tukakata gharama ya betri katika mshahara wake. Dereva alikana. Hatukumsikiliza.

Ndugu Wanachama, hakuna hata mmoja kati yenu ambaye angekubali kahawa yake ikadiriwe kwa macho. Mwataka mizani, na mwataka kuiona kwa macho yenu ikisimama. Basi betri nayo ina mizani yake, nayo ni mita ya volti, chombo kidogo kinachotosha mfukoni. Sisi tuliomkataza mnunuzi asikisie, tulikisia.

Betri ya gari dogo ina vyumba sita, na kila chumba, kikijaa umeme, hutoa volti 2.1 hivi. Betri ya namna hii, ya risasi na asidi, ilibuniwa na Gaston Planté wa Ufaransa mwaka 1859, na hata leo yategemewa na magari mengi. Kuipima kunataka nyakati tatu, wala wakati mmoja hautoshi.

Wakati wa kwanza ni betri inapokuwa imepumzika, yaani asubuhi kabla ya kuwasha gari. Mita ikionyesha volti 12.6 au kuzidi kidogo, betri imejaa. Ikionyesha 12.4, imebaki kama robo tatu, 12.2, nusu, 12.0, robo, na ikishuka chini ya 11.9, imekwisha. Tazameni jinsi hatua hizi zilivyo ndogo: kati ya kujaa na kuisha hapana hata volti moja kamili. Mtu asemaye, "Ina kumi na mbili, basi ni nzima," amejidanganya. Tena, msipime gari lililotoka safarini sasa hivi, kwa maana hesabu itakuwa imepanda kuliko kweli. Ngojeni saa kadhaa, au washeni taa kubwa kwa dakika mbili tatu, mzizime, kisha mpime. Na betri iliyochajiwa vizuri ikarudi kusimama penye 10.5, yaelekea chumba kimoja kimekufa.

Wakati wa pili ni wa kuwasha. Mmoja ashike mita, mwingine azungushe ufunguo. Hesabu itaanguka, na hilo si kosa, kwani stata hula umeme mwingi. Lakini betri iliyojaa na yenye afya kwa kawaida haianguki chini ya volti 10 au karibu na hapo. Ikiwa ilikuwa 12.6 ilipopumzika, kisha ikaporomoka chini ya 9.6, hiyo ni kama gunia lililojaa makapi: kwa nje limetuna, ndani hamna kitu. Na kama hesabu imesimama juu vizuri, na huku stata yazunguka kwa uzito, msiilaumu betri; tafuteni katika nyaya na katika stata yenyewe.

Wakati wa tatu ni injini inapozunguka. Sasa kinachopimwa ni altaneta, mtambo ule unaorudisha umeme katika betri. Kwa kawaida mita huonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5, hata taa zikiwashwa. Ikibaki 12 na kitu, tena ikawa yashuka, betri hailishwi, nayo yala akiba yake. Ikizidi 15, yalishwa kupita kiasi. Maji yake yatachemka na mabamba yataharibika. Yako magari ya siku hizi ambayo kompyuta hupandisha na kushusha volti kwa makusudi. Kwa hayo, someni kwanza kitabu cha gari.

Sasa turudi kwa gari letu. Fundi umeme alipokuja, betri iliyopumzika ilionyesha 12.1. Injini ilipowaka ilionyesha 12.1 vilevile, na taa zilipowashwa ikashuka. Akahamisha mita mpaka kwenye altaneta yenyewe; huko akakuta 14.6. Umeme ulizalishwa, bali haukufika. Waya utokao kwenye altaneta kwenda kwenye betri ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani chini ya mpira wake. Waya ulipobadilishwa, betri ikapata 14.2. Kazi yote haikuchukua hata saa moja. Betri zetu mbili zilizohesabiwa kuwa zimekufa zikachajiwa polepole: moja ikapona. Ya pili ilikuwa imeachwa tupu muda mrefu mno, mabamba yakagandwa na chumvi ya risasi, nayo haikufufuka. Hivyo betri haikuwa na hatia, wala dereva hakuwa na hatia.

Kwa malori yetu ya volti 24, ambayo hubeba betri mbili zilizofuatana, hesabu huzidishwa mara mbili: 25.2 au zaidi yakipumzika, na karibu 28 injini ikizunguka. Lakini pimeni kila betri peke yake, kwa kuwa dhaifu mmoja hujificha nyuma ya mwenzake, na mwisho humwangusha. Na wakati wowote wa kazi hii, sigara na moto viwe mbali, kwani betri inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Na asidi yake huunguza macho na ngozi.

Ndugu Wanachama, fedha tulizokata tumezirudisha zote, nasi tuliomba radhi mbele ya Halmashauri, dereva mwenyewe akiwapo. Yeye alitusamehe, na hata leo ndiye anayeendesha gari lile. Tangu hapo kila gari lina daftari, na kila Jumatatu vipimo vitatu huandikwa humo. Nayo Halmashauri imekubali kwamba mtumishi asikatwe hata senti moja kwa ubovu wa chombo mpaka kipimo kimeandikwa na yeye amesikilizwa.

Chama hiki kilianzishwa na watu waliochoka kukadiriwa kwa macho. Yatupasa sisi tulio ofisini tusiwe wa kwanza kusahau hayo.