Shule Ni Mali ya Nani?



Leo tunataka kusema nanyi juu ya shule, na tutasema habari za Japani, maana nchi ile inatupa mafundisho mawili: moja la kufuata, la pili la kujihadhari nalo.

Zamani watoto wa mabwana wa vita walikuwa na shule zao. Watoto wa raia walisoma katika vijishule vilivyoitwa terakoya, wakafundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka 1868 utawala wa zamani ukaanguka, na mwaka 1872 serikali mpya ikaamuru watoto wote, wa kiume na wa kike, wa tajiri na wa maskini, waende shule. Ikapanga kujenga shule za msingi 53,760.

Amri ilikuwa njema, lakini gharama alitwikwa mwananchi. Mkulima alitakiwa kuchangia majengo, kisha alipe ada, na huku mtoto aliyemsaidia shambani ameondolewa. Mwaka 1873 wakulima wa sehemu kadhaa wakaasi, na baadhi ya shule zikateketezwa kwa moto. Manung'uniko yao yalikuwa mengi, hata kuandikishwa jeshini, lakini mzigo wa shule ulikuwa mmojawapo. Je, walichukia elimu? Hasha! Mwaka 1900 ada ilipofutwa katika shule za msingi za umma, haikupita miaka kumi karibu watoto wote walikuwa wameandikishwa. Hilo ndilo la kufuata.

La kujihadhari nalo ni hili. Mwaka 1890 mfalme alitoa waraka juu ya elimu, ukawa ukisomwa shuleni siku za sherehe huku watoto wameinamisha vichwa. Shule iliyowafumbua macho ikawafundisha pia kutii bila kuuliza, hata wakapelekwa vitani. Vita vilikwisha mwaka 1945 nchi ikiwa majivu. Mwaka 1947 ndipo zilipotungwa sheria mpya za elimu, na miaka tisa ya masomo ikawa lazima.

Ndugu zetu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kujenga darasa ni nusu ya kazi. Kila tunapokutana kuchanga matofali na mabati, tuulize maswali mawili: mtoto wa maskini ataingia? Na akiisha kuingia, atafundishwa kufikiri, au kuinama tu? Tusipouliza sisi wenye watoto, watajibu wengine kwa niaba yetu.