Hotuba ya Mwenyekiti: Unene, Kukonda na Mfuko Wetu



Katika miaka kumi hii tumegombana kwa marejesho, tumegombana kwa faini. Lakini ugomvi uliotaka kutuvunja ulikuwa wa unene, na naona usemwe humu kijitabuni.

Mwenzetu mmoja aliomba mkopo anunue dawa za kupunguza mwili. Wapo waliocheka. Wapo waliosema apewe, mwili ni wake na hisa ni zake. Mmoja akasimama akauliza, akonde kwa nini? Sisi tumelelewa tukijua mama aliyenenepa ametunzwa. Tena miaka ile ya 1990 ukikonda kidogo tu, mtaa mzima wanasema ameukwaa, yaani UKIMWI. Nani anataka kurudi huko?

Nikamwomba binti yangu, ambaye ni muuguzi, aje atueleze. Kumbe hata Marekani wanabishana! Huko wanene wana chama chao tangu mwaka 1969, kinaitwa NAAFA, wanataka wasidharauliwe kazini wala hospitalini. Jimbo la Michigan lina sheria ya mwaka 1976 inayokataza kumnyima mtu kazi kwa sababu ya uzito wake. Wao husema wengi wanaojinyima chakula ili wakonde uzito huwarudia, kinachobaki ni aibu. Hapo kwenye aibu mimi niko nao kabisa. Mama akichekwa kwenye mzani wa kliniki harudi tena, presha itamkuta nyumbani.

Lakini tusidanganyane. Kisukari na presha vipo, na unene unavisogeza karibu. Binti alitueleza utafiti wa huko huko Marekani uliotolewa mwaka 2002. Watu wanene waliokuwa wanakaribia kupata kisukari waliambiwa wapunguze asilimia 7 ya uzito wao na watembee dakika 150 kwa wiki. Waliougua wakapungua kwa asilimia 58, ukiwalinganisha na wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Sasa pigeni hesabu: mama wa kilo 80 anapunguza kilo tano na nusu hivi. Hageuki kuwa mwembamba! Anabaki mama yule yule na doti yake ya khanga. Hilo lilinifurahisha sana.

Tuje kwenye dawa. Ipo moja inaitwa sibutramini, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Wakaguzi wa nchi mbalimbali wameikuta ndani ya vidonge vinavyouzwa kama mitishamba mitupu, wala haikuandikwa kwenye boksi. Ndiyo maana kamati ilikataa mkopo ule. Mwenzetu alinuna miezi miwili, haki yake. Dawa aliyoandikiwa mtu na daktari ni jambo jingine, hatuliingilii.

Kikao kikaamua mfuko wa jamii umsaidie kila mwanachama kupima presha na sukari, awe mnene awe mwembamba. Na anayemcheka mwenzake kwa mwili wake, faini ni ile ile ya kuchelewa. Ameshalipa nani na mara ngapi, muulizeni mweka hazina.

Kutembea tunatembea kila Jumamosi, kutoka hapa hadi sokoni na kurudi. Anayetaka kupungua anakuja, asiyetaka anakuja kwa ajili ya umbea. Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi kamili. Mgeni rasmi, karibu na wewe.