Maji ya Chemchemi Yapimwe

(Hotuba ya katibu wa tawi mbele ya wanachama, Boito)



Leo sisemi habari ya mshahara. Nasema habari ya maji tunayokunywa. Wengi wetu tumezika mtu wa kansa ya umio, yaani njia ya chakula. Hospitali ya Tenwek imetibu wagonjwa wengi wa namna hiyo, na wengine ni vijana wasiofika miaka 30. Kila matanga watu huulizana: Je, ni maji? Swali hilo halijibiwi kwa kelele, wala kwa kuonja.

Chemchemi ziko bondeni, na majani chai yako juu yake. Mbolea tunayotia ina naitrojeni nyingi. Ile isiyonyonywa na mizizi huwa nitrati, ikashuka na mvua mpaka majini. Nitrati haina rangi, ladha wala harufu. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua sufuriani, yenyewe hubaki. (Lakini msiache kuchemsha, vidudu vya kuhara vipo.) Ikigeuka mwilini, huweza kuzaa vitu viitwavyo nitrosamini. Mwaka 2010 shirika la dunia la utafiti wa kansa, lililoko Lyon, Ufaransa, lilitangaza kuwa nitrati ikigeuka hivyo yaelekea huleta kansa. Mwaka 2016 likasema vivyo hivyo juu ya kinywaji kilichozidi digrii 65 za moto, na chai yetu mwaijua! Basi nisisikie mtu akidai katibu amesema maji ndiyo yaliyomwua fulani. Nimesema yapimwe.

Viko vijikaratasi vya kutumbukiza majini vikageuka rangi. Hivyo ni vya kuanzia tu. Jibu la kutegemea latoka maabara. Maji yachotwe baada ya mvua inayofuata mbolea, na tena wakati wa kiangazi.

Sasa sikilizeni sana. Shirika la Afya la Dunia limeweka mpaka wa miligramu 50 za nitrati kwa lita. Lakini maabara nyingine huandika naitrojeni iliyomo peke yake, na hapo mpaka ni kama 11. Mtu akiletewa karatasi yenye 20 atafurahi kuwa haikufika 50, kumbe imepita mpaka karibu mara mbili! Ulizeni kwanza: Ni nitrati, au ni naitrojeni? Mama anayemkorogea mtoto mchanga maziwa ya unga asingoje kansa. Nitrati nyingi huzuia damu ya mtoto kubeba hewa.

Nani atalipa? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 32, yamtaka mwajiri atoe maji safi ya kutosha mahali pa kazi, na karibu na nyumba alizowapa wafanya kazi. Kila kambi iandike barua. Mwajiri akijibu kwamba yalikwisha pimwa, mwambieni asante, tuonyeshe karatasi.

Wenye mashamba na chemchemi zao wenyewe, tuchange. Anayetaka chemchemi yake iwe ya kwanza, anione kabla hatujaondoka hapa.