Kikombe cha Umeme Nacho Huzeeka



Wewe unayeishi karibu na bahari bila shaka umewahi kusikia nguzo ya umeme ikinguruma alfajiri, umande ukiwa umetanda. Ukiinua macho unaona cheche za zambarau zikitambaa juu ya vikombe, yaani vile vinavyoushika waya ili umeme usipite kwenda kwenye nguzo. Chumvi ya bahari huganda juu yake. Ikiwa kavu haina neno. Ikilowa, huwa njia ya umeme, na mtaa mzima hulala gizani.

Kwa miaka mingi vikombe vilikuwa vya kauri au kioo. Juu ya kauri yenye vumbi maji hutandaa, ndiyo maana mafundi hulazimika kuiosha. Vikaja vya mpira wa silikoni. Juu ya mpira huu maji husimama matone matone kama juu ya jani la gimbi, na njia ya umeme hukatika. La ajabu zaidi, ndani yake mna mafuta mepesi ya silikoni ambayo hupanda polepole, yakapenya hata kwenye uchafu ulioganda, nao uchafu wenyewe ukaanza kuyakataa maji! Kwa hiyo kikombe cha mpira chaweza kuwa kichafu na bado kikawa kizima.

Kwa sababu hiyo wapo wanaotuambia kwamba kikishafungwa, kazi imekwisha. Mimi sikubali. Cheche zikikipiga, uso wake hulowa kama kauri. Zikitulia kwa saa kadhaa au siku chache, mafuta hupanda tena na hali hurudi. Lakini cheche na jua, mwaka baada ya mwaka, huugeuza uso huo kuwa gamba gumu lenye nyufa, mafuta yakapita kwa shida, na kupona kukachukua muda mrefu zaidi.

Tena giza si hasara kubwa kuliko zote. Katikati ya mpira kuna fimbo ya nyuzi za kioo inayobeba uzito wa waya. Maji na asidi zikiifikia kupitia ufa, fimbo hukatika ghafla, na waya ukaanguka.

Afrika Kusini, shirika la Eskom liliweka kituo cha kujaribia vikombe karibu na Koeberg, kaskazini mwa Cape Town, mahali penye upepo wa chumvi hasa, ili vizeeke mbele ya macho ya wapimaji. Na kupima kwenyewe si jambo la mamilioni. Mwongozo uliotolewa Sweden mwaka 1992 unataka chupa ya kupulizia maji, kama ile ya kinyozi. Fundi hupuliza, akatazama, akatoa alama: 1 kama matone yamesimama duara, 7 kama maji yametandaa kote.

Basi shirika lolote likitutangazia kwamba limefunga vikombe vipya pwani, tuliulize pia vile vya zamani vilipuliziwa maji lini, na vilipata alama ngapi.